Kwa Nini Umati wa Temeke Haukumfikisha Mrema Ikulu

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, alisisitiza nichague jambo ambalo wazee tuliokalia madawati yale zamani, na vijana wanaoyakalia hivi sasa, tunaweza kulizungumza pamoja. Nimechagua swali ambalo vijana wa kidato cha tano walinitupia mwaka jana: "Mzee, kama Mrema alikuwa na watu wengi kiasi hicho mnachosimulia, ilikuwaje akashindwa?"

Vijiweni majibu ni mawili tu. Wengine husema aliibiwa, na wengine husema umati si kura. Mimi naona majibu yote mawili ni mafupi mno, kwani hayatazami kanuni, na kanuni ndizo zilizoamua mengi mwaka ule wa 1995. Tena zilimfungulia mlango mtu mwingine asiyetazamiwa, ambaye hakuwa na umati hata kidogo.

Sisi tuliopiga kura ya kwanza katika miaka ya 1970 tunakumbuka karatasi ya rais ilivyokuwa: upande mmoja picha ya mgombea, upande wa pili kivuli cheusi. Ukimtaka unatia alama kwenye picha, humtaki unatia kwenye kivuli. Kwa ubunge angalau palikuwa na watu wawili, mmoja jembe na mwingine nyumba, na mawaziri kadha wa kadha waliangushwa kwa jembe au nyumba hiyo. Lakini kwa urais, tangu 1965 hadi 1990, mshindani wa mgombea alikuwa kivuli. Mtu wa pembeni hakuwa na pa kupitia ila ndani ya vikao vya chama chenyewe.

Basi ikaja Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991. Yapata wananchi 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na 20 hivi walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 mlango ukafunguliwa, ila ukiwa na bawaba zake. Chama hakikuandikishwa bila wanachama 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwamo. Mgombea urais naye alihitaji wadhamini kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Kadhalika ilimpasa kila mgombea awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hii mahakamani mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akampa haki kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Haukupita muda. Desemba hiyo hiyo Bunge lilibadili Katiba, mlango ule ukakomewa kabla hajapita hata mtu mmoja. Nawaomba vijana walitie akilini jambo hili, maana nitalirudia.

Sasa tumtazame Augustine Lyatonga Mrema. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1990, tena Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho wala hakikuandikwa katika Katiba. Alijulikana kwa kutoa siku saba: mwenye kosa apewe siku saba ajirekebishe au aone cha mtema kuni. Mwishoni mwa 1994 alihamishiwa wizara ya kazi na vijana, na Februari 1995 akaondoka serikalini baada ya kuisema Serikali hadharani juu ya shauri la mfanyabiashara Chavda na mashamba ya mkonge.

Katika vitongoji vya Tandika, Keko, Mbagala, Manzese na Mwananyamala jina lake lilikuwa kubwa kuliko la waziri yeyote. (Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu tu, Ilala, Kinondoni na Temeke, hizo za Ubungo na Kigamboni zimekuja baadaye.) Wakazi wa pembe hizo walikuwa wachuuzi, makuli wa bandarini, vijana waliotoka mikoani kutafuta riziki wakaishia kukimbizana na askari wa jiji. Hawakuwa na mtu serikalini. Mrema alipoongea walijisikia wao ndio wanaongea. Nimeona kwa macho yangu vijana wakilizima gari lake na kulisukuma kwa mikono, ati injini isichoke. Wenye maduka walikuwa wakifunga, kwa hofu ama kwa kutaka kwenda kusikiliza.

Lakini mtu huyu, kwa kuwa kanuni ilikataza mgombea binafsi, ilimlazimu atafute mlango wa kuazima. Akauazima kwa NCCR-Mageuzi. Bwana Mabere Marando, aliyekuwa mwenyekiti, akampisha na kushika ukatibu mkuu. Hapo ilikuwa imebaki miezi minane hivi kufikia uchaguzi. Wenzetu waliokwisha kujenga chama tangu mwanzo wa mageuzi wakajikuta wakimfuata mtu ambaye jana yake tu alikuwa mkuu wa polisi wote nchini. Ugomvi uliokuja kukipasua chama hicho ulipandwa siku hiyo ya ndoa.

Wakati Temeke inaimba, mambo makubwa zaidi yalikuwa yakipikwa Dodoma. Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Julai 1995 kuchagua mgombea. Majina yaliyoletwa mbele yake yalikuwa matatu: Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu, Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44 mwenye kupendwa na vijana wenzake, na Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Edward Lowassa naye alikuwa amechukua fomu, akachujwa mapema. Mkapa hakuwa mtu wa umati. Alikuwa mwandishi wa habari na mwanadiplomasia, mkavu kidogo, asiyejua kuchekesha jukwaani. Hata ndani ya chama wengi hawakumweka mbele.

Kura za mzunguko wa kwanza zilikuwa hivi: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Vijana, chukueni kalamu mpige hesabu. Kama kanuni ya chama ingesema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi habari ingekwisha hapo, na Kikwete angesimama mwaka 1995 badala ya kungoja 2005. Lakini kanuni ilidai zaidi ya nusu, na hakuna aliyeifikia. Msuya akatoka, wawili wakarudiwa. Mzunguko wa pili Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Kikwete aliongeza kura 105. Mkapa akaongeza 227. Maana yake ni kwamba wengi wa waliomtaka Msuya hawakuwa tayari kwa yule kijana, wakamwendea mtu aliyekuwa chaguo lao la pili. Kanuni ya mizunguko miwili humpendelea mtu asiyechukiwa na wengi, hata kama hapendwi sana. Tofauti ya kura 47 ilitupa rais wa miaka kumi.

Nyuma ya hesabu hizo alikuwapo Mwalimu Nyerere. Tangu Machi mwaka ule, alipozungumza na waandishi katika Hoteli ya Kilimanjaro juu ya nyufa za taifa, alikuwa akisema rushwa ndiyo donda. Sasa CCM ilikuwa na mgombea aliyeitwa Bwana Msafi, na Mwalimu mwenyewe akazunguka naye mikoani kumdhamini. Kwa maoni yangu huu ndio mkakati uliommaliza Mrema. Hoja yake kubwa ilikuwa rushwa, na sasa ilichukuliwa kinywani mwake na chama kile kile alichokishutumu. Mkapa aliposhika nchi hakuitupa hoja hiyo: Januari 1996 aliunda Tume ya Jaji Warioba juu ya rushwa, nayo ikatoa taarifa kabla mwaka haujaisha.

Siku ya kupiga kura ilikuwa Oktoba 29, 1995. Bara kura zilipigwa na kuhesabiwa, lakini Dar es Salaam mambo yaliharibika: vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa. Tume ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba ya jiji, ukarudiwa Novemba 19. Upinzani ulikwenda Mahakama Kuu kutaka nchi nzima irudie, ukashindwa, ukatangaza kususia. Hivyo mji uliokuwa ngome ya umati wa Mrema ulipiga kura ya mwisho huku matokeo ya kwingineko yakijulikana na wapinzani wakiwa wamekunja mikono. Novemba 23 Mkapa akaapishwa.

Matokeo: Mkapa kura 4,026,422, yaani asilimia 61.8, Mrema 1,808,616, asilimia 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 418,973, John Cheyo wa UDP 258,734. Ukiwajumlisha wapinzani wote watatu hupati hata asilimia 39. Kwa hiyo wanaosema Dar es Salaam ndiyo iliyomnyima urais, siwezi kukubaliana nao, ijapokuwa nakubali kabisa kwamba wakazi wa jiji walidhulumiwa siku yao ya kwanza ya kuchagua rais kati ya watu wengi. Nchi ilikuwa vijijini, na kijijini CCM ilikuwa na balozi katika kila nyumba kumi. Mrema hakuwa na mtu wa kumkalisha katika vituo vingi huko.

Penye jimbo moja ambako umati na wapiga kura walikuwa watu wale wale, mambo yaligeuka. Mbunge wa Temeke wa CCM alijiuzulu mwaka 1996 baada ya vyeti vyake vya elimu kutiliwa shaka mahakamani. Oktoba mwaka huo Mrema akasimama Temeke na kushinda. Usiku ule Tandika haikulala. Lakini ugomvi ndani ya NCCR ukaendelea, hata mwaka 1999 akahamia TLP, na kwa kuwa kanuni inasema mbunge akiacha chama chake ameacha na kiti, Temeke ikapoteza mbunge iliyempigania.

Mwaka 2000 ikaja badiliko ambalo magazeti hayakulipa nafasi ya kutosha. Katiba ya 1977, kama ilivyorekebishwa 1992, ilimtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura halali. Marekebisho ya Kumi na Tatu yaliiondoa nusu hiyo: sasa anayewazidi wenziwe tu ndiye rais. Vijana watauliza, je, hili si jema kwa mtu wa pembeni, maana anahitaji kura chache zaidi? Lingekuwa jema kama wakubwa ndio wangegawanyika. Lakini kwetu waliogawanyika siku zote ni wapinzani, na mzunguko wa pili ungewapa nafasi ya kupimana kwanza kisha kuungana.

Tazameni jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Malawi mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Lazarus Chakwera na Saulos Chilima wakiwa wamegawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi ule na kuamua kwamba mshindi lazima avuke nusu. Chakwera na Chilima wakasimama tiketi moja, na Juni wakashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Wapiga kura walikuwa wale wale, miezi 13 tu imepita. Sisi tusingeweza hata kufika mahakamani, kwani Katiba yetu inasema rais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake.

Mwaka 2015 mchezo wa Dodoma ulirudiwa, mara hii mlango ukiwa kamati. Lowassa, aliyekuwa na kundi kubwa kuliko yeyote ndani ya CCM, hakufika Mkutano Mkuu. Kamati Kuu ilipeleka majina matano na lake halikuwamo. Yakabaki matatu, na John Magufuli, Waziri wa Ujenzi ambaye hakuwa na kundi lolote la kutisha, akapata kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Wakubwa walipozuiana, asiye na kambi akapita katikati yao. Lowassa akafuata njia ya Mrema, akaazima mlango wa Chadema mwishoni mwa Julai, miezi mitatu kabla ya kura. Akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, dhidi ya 8,882,935 za Magufuli. Ni zaidi ya alizopata mpinzani yeyote kabla yake.

Temeke na Kinondoni mwaka huo zilichagua wabunge wa CUF. Wote wawili walihamia CCM kabla ya muhula kwisha, na kwa kanuni ile ile viti vikawa wazi. Uchaguzi mdogo wa Kinondoni wa Februari 2018 ulitanguliwa na maandamano ya wapinzani, na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameketi ndani ya daladala, asiyehusika na lolote, akauawa kwa risasi. Temeke nayo ilimpata mbunge wake bila kupigwa kura, maana alipita bila kupingwa.

Na Mtikila? Alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikalitengua shauri mwaka 2010, ikisema hilo ni jambo la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, nayo Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki ya raia kwa kumlazimisha apitie chama. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Katika uchaguzi ule, na wa 2020, na wa 2025, karatasi ya kura ya rais haikuwa na jina hata moja lisilo na chama.