Ghuba na istilahi zake: mfano wa Chwaka

ghuba nm [i-/zi-] sehemu ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu na kuzungukwa nayo pande nyingi. Neno lina asili ya Kiarabu. Lisichanganywe na *hori* [li-/ya-], yaani mkono mwembamba wa maji ya bahari upenyao bara, wala na *mlangobahari*, ambao huunganisha bahari mbili.

Umbo. Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, ni mfano bora wa ghuba yenye kina kifupi. Eneo lake hukaribia kilomita za mraba 50, na kina chake cha wastani ni takriban mita 3 tu. Upande wa mashariki imekingwa na rasi ya Michamvi. Kusini imepakana na msitu wa mikoko uliokatwa na mahori, kubwa likiwa la Mapopwe. Hakuna mto mkubwa umwagao maji humo. Mikoko hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

Maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa *bamvua*, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na sehemu kubwa ya ghuba hubaki wazi. Wakati wa *maji mafu* tofauti hiyo huwa ndogo. Jina *pwani* lenyewe limetokana na *kupwa*; ndiyo maana mwanamke asemaye "nakwenda pwani" huwa haendi kupunga upepo, bali kuokota chaza na kombe au kutafuta pweza kabla maji hayajarudi.

Mimea. *Mikoko* hutumika kwa jamii nzima ya miti ya maji ya chumvi, lakini *mkoko*, *mkandaa*, *muia* na *mchu* ni miti tofauti. Mfasiri aandikaye "mkoko" kila mahali hupoteza tofauti ambayo mkata boriti huitambua kwa jicho. *Majani ya bahari* nayo si *mwani*: yana mizizi na huchanua maua, mwani hauna.

Uvuvi. Tofauti hiyo ina uzito. Tasi na samaki wengine wachanga hulelewa katika majani ya bahari. *Dema*, mtego uliosukwa, hukaa mahali pamoja. *Juya* likikokotwa sakafuni huyang'oa majani hayo na kuzoa madema yaliyotegwa. Hapo ndipo ulipozuka mzozo wa muda mrefu baina ya wavuvi wa ghuba hii. Tafsiri inayotaja "nyavu" na "mitego" bila kubainisha aina humficha msomaji kiini cha ugomvi.

Matumizi. *Ghuba ilipokupwa, ngalawa zilikaa juu ya mchanga.* Kwa herufi kubwa, *nchi za Ghuba* ni zile za Ghuba ya Uajemi.