Kompyuta mpakato kwa masomo ya uzamili: mambo ya kukagua kabla ya kununua

Mwanafunzi anayejiunga na shahada ya uzamili, shahada ya uzamivu au mafunzo ya uanasheria kwa vitendo hununua kompyuta mpakato atakayoitegemea hadi siku ya kuwasilisha kazi yake ya mwisho. Kwa wengi fedha hizo ni akiba ya muda mrefu au mkopo, na kosa moja dukani huweza kumrudisha mnunuzi sokoni kabla utafiti haujakamilika.

Jambo la kwanza kuzingatiwa ni programu zinazotumika katika fani husika. Chapa na bei hufuata baadaye. Mwanasheria, ambaye muda wake mwingi ni wa kusoma hukumu na kuandaa hati, hahitaji mashine yenye nguvu kubwa. Humfaa zaidi kompyuta nyepesi yenye kibodi nzuri na betri inayodumu. Mtafiti anayechambua takwimu kwa SPSS, Stata au R anaweza kuchagua Windows au macOS, kwa kuwa programu hizo hufanya kazi katika mifumo yote miwili. Hali ni tofauti kwa mwanafunzi wa mipango miji au jiografia: ArcGIS Pro imetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, hivyo mwenye Mac anaweza kutumia QGIS, ambayo hutolewa bila malipo, iwapo idara yake inairuhusu. Idara iulizwe kabla ya malipo kufanyika.

Kumbukumbu ya RAM ya GB 8 inatosha kwa uandishi; kwa ramani na takwimu nyingi inafaa GB 16. Hifadhi iwe ya SSD, kwani diski ya zamani inayozunguka huchelewesha kazi na huharibika kwa urahisi kompyuta inapoanguka. Katika kompyuta nyingi nyembamba RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu na haiwezi kuongezwa baadaye, hata kama muuzaji ataahidi vinginevyo.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa kompyuta zilizokwishatumika, ambazo ndizo wanafunzi wengi huzimudu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo huhitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomeka katika namba ya prosesa: i5-7200U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ni ya nane, na i5-10210U ni ya kumi. Maandishi “Core i5” peke yake hayamwambii mnunuzi lolote kuhusu umri wa mashine. Fundi anaweza kuweka Windows 11 katika kompyuta isiyokidhi vigezo, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba itaendelea kupata masasisho.

Betri nayo ipimwe papo hapo. Amri ya powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa umebaki nusu, bei ipunguzwe kwa gharama ya betri mpya. Kompyuta izimwe na kuwashwa upya mbele ya mnunuzi, kwa sababu baadhi ya zilizotoka maofisini bado zina nywila za wamiliki wa awali.

Mnunuzi ana wajibu wa kisheria wa kudai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho ya kompyuta iandikwe kwenye hati ya dhamana. Risiti hiyo pia ni ushahidi wa umiliki iwapo kifaa kitadaiwa kuwa cha wizi.

Kwa wanaokusanya taarifa za wagonjwa au wahojiwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa hizo zilindwe. Diski ifungwe kwa usimbaji, kama vile BitLocker katika Windows Pro au FileVault katika Mac, na nakala ya tasnifu iwekwe kwenye diski ya nje isiyobebwa katika mkoba mmoja na kompyuta.