Wanuri Kahiu
Wanuri Kahiu (amezaliwa Nairobi, 1980) ni mwongozaji wa filamu wa Kenya. Kazi yake yenye uthubutu mkubwa kuliko zote ni Pumzi (2009), filamu fupi ya dakika 20 hivi. Katika filamu hiyo, dunia imekauka baada ya vita vya kugombea maji. Watu wamefungiwa ndani ya jengo, hata jasho lao husafishwa wakalinywa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatoroka kwenda kupanda mche jangwani. Maneno ni machache, picha ndizo zinazosimulia, na humo ndimo ulimo ustadi wake. Pumzi ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2010. Filamu yake nyingine, Rafiki (2018), ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nchini, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku 7.