Posta ya Wajerumani pale Lamu, na deni langu la Njombe

Nimerudi chuo wiki iliyopita kutoka fildi. Kwa wale mlioulizia, ndiyo, nilipangiwa Njombe, na baridi ya kule haina mchezo. Asubuhi unaandika ubaoni huku vidole havisikii chaki. Wikiendi nilikuwa nashuka nyumbani Makambako, kilomita kama 60 tu, nakula ugali wa mama, Jumapili jioni narudi. Lakini leo siandiki habari za baridi. Leo nataka kulipa deni.

Deni lenyewe ni hili. Siku moja nilikuwa nafundisha Mkataba wa Heligoland wa 1890. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi: Mjerumani anaachia Witu, anakubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza, naye anapewa kisiwa cha Heligoland. Wanafunzi wananakili, mimi najiona mwalimu kamili. Mara binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo Witu iko wapi? Na watu wake walijuaje kwamba wameachiwa?"

Jamani! Mimi na digrii yangu ya ualimu inayokuja, Witu niliijua kama neno la kukariri tu. Nikasema "tutaliona kipindi kijacho", lile jibu ambalo kila mwalimu analijua. Kipindi kijacho tukaingia mada nyingine, na fildi ikaisha.

Basi niliporudi nikajifungia maktaba. Jibu nimelikuta mahali ambapo sikutegemea kabisa: kwenye historia ya posta moja ndogo, katika mji wa kisiwani Lamu.

Tuanze na Witu. Ni mji ulioko bara, pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa nyuma wa Lamu. Mtawala wake aliitwa Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliowahi kutawala Pate. Huyu mzee alikuwa haelewani na Sultani wa Zanzibar. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakapata ardhi kwake, na Mei 1885 Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake.

Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani wakakaa na ramani. Witu ikaachiwa kipande cha pwani kuanzia Kipini hadi ghuba ya Manda. Visiwa vyenyewe, Lamu ikiwemo, vikabaki kuwa vya Sultani. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Bandari ilikuwa Lamu. Wafanyabiashara walikuwa Lamu. Kuwa na Witu bila Lamu ni sawa na kulima viazi Njombe halafu huna barabara ya kuvifikisha Makambako. Utakula viazi mwenyewe mpaka uvichoke.

Sasa angalia walichofanya. Tarehe 22 Novemba 1888 Wajerumani walifungua ofisi ya posta Lamu, ndani ya nyumba ya mawe katikati ya mji. Stempu hazikuwa za pekee, zilikuwa zile zile za Ujerumani, bei yake kwa pfennig. Unabandika stempu ya Ujerumani, inagongwa muhuri wenye jina la Lamu, na barua inahesabika tayari imo mikononi mwa posta ya Kaisari. Haya yote kwenye kisiwa ambacho wao wenyewe, miaka miwili nyuma, walikubali kuwa ni cha Sultani!

Mimi naona posta ile ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupeleka barua za Wajerumani wachache wa Witu na za wafanyabiashara. Ya pili ilikuwa kusema "tupo hapa". Bendera ukiipandisha kwenye ardhi ya mtu unaanzisha ugomvi, lakini nani atagombana na dirisha la kuuzia stempu?

Na msidhani watu wa Lamu walikuwa wamekaa wanasubiri Mjerumani aje awafundishe kuandikiana. Barua zilikuwepo zamani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Unaandika, unakunja, unampa nahodha au ndugu anayesafiri, jahazi linaondoka na pepo za msimu. Enzi za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, washairi wa Mombasa na wa Lamu walikuwa wanajibizana kwa mashairi kutoka mji hadi mji. Hakuna aliyenunua stempu hata moja. Kwa hiyo ofisi ile haikuleta barua Lamu. Ilileta serikali kwenye barua.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1889 kampuni ya Kijerumani ya Witu na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombania ushuru wa forodha wa Lamu. Akatafutwa msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, na Agosti mwaka huo uamuzi wake ukawaangusha Wajerumani. Mei 1890 kampuni ya Kiingereza ikafungua huduma yake ya posta Mombasa na Lamu, ikitumia stempu za Uingereza zilizopigwa chapa jina la kampuni na bei kwa anna. Yaani mji ule mdogo wa vichochoro ukawa na posta mbili za kigeni, moja ya pfennig na nyingine ya anna!

Tarehe 1 Julai 1890 mkataba ukasainiwa Berlin. Tazama, Berlin. Simba alishafariki mwaka mmoja kabla, na Fumo Bakari aliyemrithi hakuwa na kiti kwenye meza ile. Mnamo Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa Witu. Oktoba jeshi la majini la Uingereza likaenda kuuchoma mji. Na tarehe 31 Machi 1891 posta ya Wajerumani Lamu ikafungwa. Miaka miwili, miezi minne na siku chache, mchezo umekwisha.

Sisi wa Njombe tunaingia wapi? Hapa hapa. Mkataba ule ule ulichora pia mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na nchi yetu ya nyanda za juu ikaangukia upande wa Mjerumani. Tarehe 4 Oktoba 1890, posta ya Lamu ikiwa inasubiri kufungwa, Wajerumani walifungua ofisi za posta Bagamoyo na Dar es Salaam. Kilichofungwa kwao kikafunguliwa kwetu. Mtu wa Lamu na mtu wa Njombe walitenganishwa kwa wino wa siku moja, na hakuna aliyemuuliza yeyote kati yao.

Halafu posta hiyo hiyo ikatukutanisha. Mwaka 1933 huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na kuanzia 1935 zikatoka stempu zenye majina ya nchi zote tatu. Kwa hiyo babu akituma barua kutoka Njombe, na nahodha akituma yake kutoka Lamu, bahasha zao zilibeba stempu moja. Uhuru ukaja, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki likaundwa 1967, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na lake. Letu likagawanywa tena, na 1994 Shirika la Posta Tanzania likaanza kusimama peke yake.

Ile nyumba ya Lamu bado ipo. Ni makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ndani ya mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wakusanyaji wa stempu wanazitafuta bahasha zake kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo binti, jibu ni hili: watu wa Witu hawakuambiwa, walionyeshwa. Siku moja dirisha la posta linafunguliwa, siku nyingine linafungwa, na katikati meli za vita zinatokea.

Nimeiandikia darasa lote barua ya karatasi mbili, kwa mkono, kupitia S.L.P. ya shule. Ningeweza kumtumia mwalimu wao meseji, ila kwa mada hii nimeona haya. Kesho nashuka posta kununua stempu.