Tarehe ya Kiungani, kwa Mkono wa Mtu wa Konde

Wako hapa Konde, Pemba, washikao kwamba elimu ya juu katika nchi zetu ililetwa na serikali ya Waingereza, na ushahidi wao ni Makerere ya 1922. Si kweli. Asili yake ni chuo cha Kiungani, Unguja, na wenyewe ni watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa.

Askofu Tozer, wa misheni ya Kiingereza, alifika Unguja 1864 pamoja na Dk. Edward Steere. Sayyid Majid akampa wavulana watano walionyang'anywa wachuuzi wa watumwa, na hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa skuli ya Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, akapewa daraja ya ushemasi mdogo 1870 pamoja na George Farajallah. Lakini aliyewapita wote ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa angali mdogo. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury katika chuo cha Mtakatifu Augustino, akarudi, na 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kazi yake aliifanya Chitangali, akiwafundisha Wayao wenzake. Dini yao si yetu, lakini haki ya mtu haifichwi.

Na hapa niseme neno. Kitabu cha hadithi za Kiswahili cha 1870 kinaitwa cha Steere, na Steere alikuwa mtu wa bidii kubwa. Lakini hadithi alisimuliwa na watu wa Unguja, naye Hamisi wa Kayi ni mmoja wao. Anayemtaja Steere na amtaje Hamisi.

Turudi kwenye elimu ya juu. Sierra Leone nako misheni ya Kiingereza ilifungua Fourah Bay 1827, na mwanafunzi wa kwanza, Ajayi Crowther, alikuwa ameokolewa katika meli ya watumwa. Tangu 1876 chuo kile kikatoa shahada za Durham. Kiungani haikufika huko: 1925 chuo kikahamishiwa Minaki, bara, na tangu hapo sifa yake ikahesabiwa ya bara.

Kwetu Pemba walikuja Wakweka, wamisionari wa Kikristo, 1897, mwaka wa amri ya kufuta utumwa. Mmoja wao, Theodore Burtt, akakaa Banani.

Konde hawakufika. Watoto wetu walisoma Kurani kwa masheikh wao, kisha skuli za serikali, na tangu 2001 wanaopita huenda chuo kikuu cha SUZA, Unguja, kisiwa kile kile alichosoma Majaliwa.