Jinsi Waingereza Walivyokanusha Hapo Kale

Watoto wetu wajifunzao Kiingereza hutatizwa na mambo mawili. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 husoma "I know not", lakini wakisema hivyo shuleni huambiwa waseme "I do not know". Tena wakisema "I don't know nothing" huchekwa kana kwamba hawana akili. Basi yafaa tujue asili ya mambo haya.

Hapo kale, kabla ya mwaka 1066, Mwingereza alitanguliza neno dogo "ne" mbele ya kitendo: "ic ne secge", yaani sisemi. Neno hilo lilikuwa jepesi mno, halikusikika vizuri. Kwa hiyo watu walilitia nguvu kwa kuongeza nyuma neno jingine lenye maana ya "si kitu". Hilo ndilo lililofupishwa likawa "not". Wakasema "I ne seye not". Kisha "ne" likaanguka, ikabaki "I say not". Mwisho likaingia neno "do", wakasema "I do not say". Mwaka 1611 njia hizi mbili za mwisho zilitumika pamoja. Otto Jespersen, mtaalamu wa Denmark, aliieleza safari hii katika kitabu chake cha mwaka 1917.

Na kukanusha mara mbili je? Chaucer, mshairi mkuu aliyekufa mwaka 1400, alifanya hivyo bila haya. Desturi hiyo ilipungua katika maandishi, hata mwaka 1711 James Greenwood akaandika katika sarufi yake kwamba maneno mawili ya kukanusha hukubali. Lakini Waingereza wengi waliendelea kunena hivyo majumbani mwao, na wako wanenao hivyo hata leo.

Nasi tulitazame neno letu "sijui". Mwanzoni mna "si", na mwishoni "a" ya "najua" imegeuka "i". Alama ni mbili, wala hakuna asemaye kwamba maana yake ni "najua". Lugha si hesabu.

Basi, walimu wenzetu na wazazi, tuwasahihishe watoto, kwa kuwa mtihani wataka Kiingereza cha sasa, lakini tusiwacheke. Mtoto achekwaye hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi lugha.