Meli za Vita za Ziwa Viktoria, 1914–1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, Waingereza hawakuwa na hata manowari moja katika Ziwa Viktoria. Walikuwa na meli za abiria na mizigo za Reli ya Uganda, zikiwemo Winifred na Sybil, zilizoletwa kutoka Scotland vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Zilifungwa mizinga, zikawekwa chini ya maofisa wa jeshi la majini. Wajerumani wa Mwanza nao walikuwa na Muansa, boti ndogo ya kuvuta matishari.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Katika ghuba ya Karungu, Muansa iliikabili Winifred, ikaondoka baada ya Kavirondo, boti ya Waingereza, kufika. Novemba, Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, kusini mwa Musoma, ikabaki ufukweni hadi ilipookolewa mwaka 1915.

Januari 1915 meli hizo zilianza kazi mpya ya kushusha askari kwenye pwani ya adui. Zilifikisha askari wa King's African Rifles Shirati, mji ambao baadaye ulikuwa katika wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipoanzishwa mwaka 2007. Njia ya maji iliwaepusha na safari ndefu ya miguu.

Shambulio kubwa lilikuwa la Bukoba, Juni 22 na 23, 1915, chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Walinzi wa kisiwa cha Busira waliziona meli usiku, wakarusha fataki za kutoa taarifa. Askari walishuka asubuhi kaskazini mwa mji, chini ya genge, wakapanda juu na silaha zao. Kesho yake waliuteka mji, wakabomoa mnara wa simu ya upepo, kisha wakarudi melini.

Juni 1916 Ukerewe ilitekwa, na Julai mji wa Mwanza. Lakini nguvu za meli hizo ziliishia ufukweni. Boma la Ikoma, katika wilaya ya leo ya Serengeti, lilikuwa mbali na ziwa. Mwaka 1917 kikosi cha Mjerumani Heinrich Naumann kilijikinga humo, na Wabelgiji, washirika wa Waingereza, waliolishambulia walirudishwa nyuma kwa hasara. Vita vilipokwisha, meli za reli zilirudia kubeba abiria na mizigo.